Kwenda Toten na Ulenge kwa boti ya tanga: panga safari na maji, saa ya mkononi baadae

Watu kibao wa Tanga wamekua wanakiona kisiwa cha Toten pale mbele ya bandari na hawajawahi kukikanyaga hata siku moja, alafu anakuja mgeni na yoti yake kutoka Kilifi au Pemba anatia nanga, anazunguka visiwa vyote, anaondoka na picha. Sasa kama una boti ya tanga, au una rafiki mwenye nayo pale Raskazone, au unataka kukodi mashua ya jamaa wa Sahare, nakuandikia hapa jinsi ya kuifanya hii safari ukaenda na ukarudi salama. Naanza na Toten manake iko ndani ya ghuba na ni ya kujifunzia, alafu kisiwa cha Ulenge, karibu na mdomo wa ghuba, kwa mwenye kutaka zaidi.

Hatua ya 1: angalia mwezi

Watu wengi wanaanza na "Jumamosi tuko free", wengine wanaanza na upepo. Mie nakwambia anza na mwezi, manake Tanga maji yanapanda na kushuka mita 3 na ushee wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi kuandama), na maji mafu (ya nusu mwezi) yanacheza kama mita 1 hivi. Mita 3 ni nyingi, pale ulipopita unaelea asubuhi mchana watu wanaokota chaza.

Kanuni yenyewe ni rahisi na wavuvi wote wanaijua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndio unaandama, maji yanajaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na yanakupwa saa nne, saa tano. Maji mafu ni kinyume chake, yanajaa saa nne au tano na kukupwa saa kumi hivi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukishaijua hiyo unaweza kukaa barazani na kalenda ya Kiislamu ukapanga safari ya mwezi mzima bila bando.

Siku zangu za kuchagua ni tarehe 10 hadi 12 za mwezi mwandamo, au 25 hadi 27. Siku hizo maji yanajaa kwenye saa saba mpaka saa tisa mchana, kwaiyo asubuhi unatoka yakiwa yanapanda, unafika kisiwani karibu na kujaa, unashuka, unatembea, unarudi yakiwa ndio kwanza yanaanza kutoka. Na la muhimu kuliko yote: ukigusa chini wakati maji yanapanda unasubiri kidogo unaelea tena, ukigusa wakati yanatoka umepwelewa, boti inalala ubavu na utakaa hapo zaidi ya masaa sita hivi, na kama umegusa kwenye kilele cha bamvua kubwa hapo ndio balaa, unaweza kusubiri bamvua nyingine ndio utoke. Wakubwa pia yamewakuta haya, Aprili 1498 merikebu moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu (maji mafupi) ya Mtang'ata, hapo kusini kwetu upande wa Tongoni, bahati yao maji yakajaa wakaelea. Waliporudi Januari 1499 wakaichoma moto hukohuko manake mabaharia wengi walishakufa na waliobaki hawatoshi kuiendesha.

Ukishapata siku kwa mwezi, hakikisha na jedwali la maji kupata dakika zenyewe. Mwezi unakupa picha, jedwali linakupa namba.

Hatua ya 2: upepo na msimu

Kusi, kuanzia kama Mei mpaka Septemba, kinatoka kusini mashariki na mchana kinapiga kweli. Ndani ya ghuba utakuwa sawa manake nchi kavu inakukinga upande wa kusini, ila mdomo wa ghuba sio pa kuchezea. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, anga safi, maji yanaonekana vizuri, ila likikaza viwimbi vinaingia ghubani na boti zilizotia nanga mbele ya Raskazone zinacheza ngoma usiku kucha. Mie napenda zaidi ile miezi ya katikati, tanga mbili, hasa Oktoba na Novemba mwanzoni.

Masika achana nayo. Sio mvua tu. Mto Zigi na Mkulumuzi yote inamwaga kwenye ghuba yetu, kwaiyo mvua ikinyesha Amani huko milimani sisi huku tunaletewa maji ya tope na magogo, yanaelea nusu yake imezama huyaoni mpaka yakugonge, na chini ndio huoni kitu kabisa.

Taarifa ya bahari ya TMA, wale wa hali ya hewa, isome, wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa usianze ubishi kwamba mbona hapa kumetulia. Asubuhi na umande hapa huwa kumetulia siku zote. Ngoja saa sita.

Hatua ya 3: karatasi

Fupi tu. Kama boti inatoka nje ya nchi, Mombasa au popote, hairuhusiwi kwenda kisiwani kwanza. Inapandisha bendera ya njano, inakuja Tanga kukaguliwa: afya ya bandari, uhamiaji, forodha, bandari wenyewe. Mpaka wamalize hakuna kushuka mtu. Wageni wengine wanaona kisiwa kizuri wanatia nanga "tupumzike kidogo", alafu wanashangaa kuulizwa maswali.

Kwa sisi wa hapahapa, chombo kiwe na cheti chake cha TASAC, wale wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, na jaketi okozi la kila mtu, sio la kila watu wawili. Na hivi visiwa viko chini ya hifadhi, kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa 2009, imepewa jina la yule samaki wa zamani ambaye wavuvi wa Kigombe wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu, na Ulenge yenyewe ni eneo tengefu. Kwaiyo pitia ofisi ya hifadhi hapa mjini kabla, ulipie kiingilio upewe risiti, uiweke kwenye mfuko wa nailoni. Matumbawe na makombe hayaokotwi, hata yaliyokufa. Kasa ndio kabisa usimguse.

Hatua ya 4: ijue boti yako chini

Swali moja tu kabla hujapanda: kutoka usawa wa maji mpaka chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) ni kiasi gani? Mwenye boti asipojua, usiende nae. Ngalawa inapita kwenye maji ya magoti, yoti ya mkuku mrefu inaweza kutaka mita 1.8 au 2. Hiyo namba iandike kwa kalamu ya wino mzito pale kwenye usukani, utaihitaji kila saa.

Alafu vitu: nanga na mnyororo wake uliokaguliwa, nanga ya pili ya akiba, bildi au kamba yenye jiwe na mafundo hata kama kuna mashine ya kupima kina (mashine zinakufaga siku unayozihitaji), redio ya VHF kwenye chaneli 16, dira, kisu, dingi au kihori cha kushukia na makasia yake hata kama kina injini. Maji ya kunywa lita 3 kila mtu kwa siku. Vitafunwa pitia Ngamiani, chukua mkate wa ajemi, na machungwa ya Muheza beba mengi, kwa mtu anaesumbuliwa na kichefuchefu cha bahari chungwa au tangawizi inasaidia kuliko soda. Wali wa nazi uache nyumbani utakaporudi.

Na kabla ya kung'oa nanga mwambie mtu wa nchi kavu: mko wangapi, boti rangi gani, mnaenda wapi, mnarudi saa ngapi, na ikifika saa fulani hamjarudi apige simu kwa nani. Tanga ni ya waja leo waondoka leo ila baharini hakikisha kuna mtu anaejua umeenda.

Hatua ya 5: kutoka Raskazone kwenda Toten

Ukitoka pale mbele ya klabu za Raskazone, Toten iko upande wa magharibi, ndani zaidi. Asubuhi jua liko mgongoni kwako, na hii ni zawadi, manake jua likiwa nyuma au juu unaona rangi ya maji: bluu nzito ni kina, kijani kibichi unaanza kuwa macho, njano ya maziwa ni mchanga uko karibu, kahawia ni mwamba au majani, kaa mbali. Jua likiwa usoni huoni chochote, ni kioo tu. Vaa miwani ya kukata mng'ao, na weka mtu mmoja omo (mbele ya boti) asimame, kazi yake kuangalia maji tu, asishike simu.

Hapo katikati kuna njia ya meli. Bandari ya Tanga siku hizi imechimbwa na kuongezwa kina, meli kubwa zinafunga gatini zenyewe, sio kama zamani zilivyokuwa zinakaa nje na mizigo inaletwa na matishari. Meli haiwezi kukukwepa kwenye njia nyembamba, usiiambie habari za haki ya chombo cha tanga. Vuka haraka, vuka moja kwa moja, na ukiona tagi (boti ya kuvuta meli) linatoka gatini ujue kuna meli inaingia au inatoka. Maboya: ukiwa unaingia ghubani jekundu linabaki kushoto, kijani kulia, ukitoka ni kinyume.

Upande wa kaskazini, Chongoleani, kuna mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda na gati lake refu linaloingia baharini. Huko usisogee, wala usirushe droni.

Kuhusu ramani ya kwenye simu, itumie lakini usiiamini mbele ya macho yako. Inaweza kukuonyesha uko katikati ya maji mengi kumbe uko juu ya fungu, vipimo vingine ni vya zamani na mchanga unahama. Mvuvi aliyekaa kwenye ngalawa hapo karibu ndio ramani ya leo. Msogelee taratibu usimkatie nyavu, msalimie kwanza, "Shikamoo mzee wangu, naomba kuuliza, chombo changu kinataka pima moja, hapa naweza kulala?" Atakujibu, "Marahaba mwanangu, hapo maji yakitoka utakaa juu, sogea kule kwenye ile ngalawa nyeupe, kule tope zuri." Dakika mbili hizo zinaokoa siku nzima. Ukiwa na chochote, machungwa mawili matatu, mpe, sio kwamba anadai.

Hatua ya 6: kutia nanga (soma mara mbili)

Hapa ndio watu wanapokosea, wanaangalia kina cha sasa hivi. Kina cha sasa hivi hakina maana peke yake, unataka kujua kitakuwaje maji yakikupwa na kitakuwaje yakijaa.

Kuna hesabu ya kumi na mbili. Chukua tofauti ya maji ya siku hiyo, igawe mara 12. Saa ya kwanza maji yanashuka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tufanye tofauti ni mita 3: saa ya kwanza sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25. Umeona pale katikati? Masaa mawili yanaondoka mita 1 na nusu nzima. Ndio maana mtu anakaa anakula, anaona maji bado yapo, anageuka hivi boti imeshagusa.

Mfano sasa. Umefika, kina kinasoma mita 4, na jedwali linasema tangu sasa mpaka kujaa yatapanda mita 1 nyingine. Kwaiyo kujaa utakuwa na mita 5. Tofauti ya siku hiyo ni mita 3, basi yakikupwa utabaki na mita 2. Mkuku wako mita 1.8. Sentimita 20 chini yako, na wimbi likipita moja tu la boti ya abiria unagonga. Hapo sio pa kulala, sogea nje utafute mita 5 au 6 za sasa.

Mnyororo unahesabu kwa maji ya kujaa, tena unaongeza urefu kutoka majini mpaka omo. Mita 5 ya kujaa na mita 1 ya omo ni 6, mara 5 ni mita 30 za mnyororo. Kama amari (kinachoshikilia nanga) ni kamba zaidi kuliko mnyororo zidisha mara 7, mita 42. Wabahili wa mnyororo ndio wanaoamka wako kwenye mikoko.

Kitendo chenyewe: shusha tanga, elekeza omo kwenye upepo, au kwenye mkondo kama ndio wenye nguvu, angalia boti za jirani zimeelekea wapi. Boti isimame kabisa. Shusha nanga taratibu mpaka iguse, usiirushe na mnyororo juu yake ukawa rundo. Iache boti irudi nyuma yenyewe huku unaachia mnyororo, ukifika kiasi unafunga, alafu weka injini rivasi polepole iivute. Shika mnyororo kwa mkono: ukitetemeka tetemeka nanga inakokota, ukikaza ukatulia imeshika. Kisha chukua alama mbili za nchi kavu zilizopangana, mnara wa simu na mti kwa mfano, angalia tena baada ya robo saa. Zikiwa zimeachana, anza upya. Usione aibu, hata manahodha wakubwa wanaanza upya.

Chini kuwe tope au mchanga. Tope la ghuba yetu linashika vizuri likishaikubali nanga, ila lipe muda izame kabla ya kuivuta kwa nguvu. Kwenye matumbawe hapana, moja ni kosa kisheria, mbili nanga inabana na utaikata uiache. Funga kiboya kidogo kwa kamba kwenye kichwa cha nanga, ikibana unaivutia kwa nyuma.

Na ukumbuke boti inazunguka. Maji yakigeuka nayo inageuka, inachora duara zima, kwaiyo angalia nyuma yako, sio mbele tu. Mchana ning'iniza mpira mweusi omo, usiku taa nyeupe. Kama mtalala botini laleni hapohapo, manake usiku wa giza ghuba inajaa taa za wavuvi wa dagaa na ngalawa nyingi hazina taa kabisa, kwaiyo kusafiri usiku kwa mgeni hapana kabisa.

Hatua ya 7: kushuka

Toten sehemu kubwa ya pembeni ni mikoko na tope, tafuta pa kushukia kwa kufuata wanaposhuka wavuvi. Viatu vya raba lazima, na kwenye maji ya mchanga buruza miguu usinyanyue, samaki taa wenye mwiba wanajifukia, wakisikia mburuzo wanaondoka wenyewe.

Muda wa kukaa nchi kavu ni kama saa moja kabla ya kujaa mpaka saa moja na nusu baada. Pwani yetu ni bapa, maji yakishuka sentimita 25 tu kwenda juu na chini, kwenye ufukwe yamerudi mbali, na dingi yenye injini kuiburuza kwenye tope ni kazi kama kumvuta ndama aliyezama. Ukifika ipandishe juu na uifunge kwenye mti, maana maji bado yanapanda yataichukua.

Ndani kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, miti imeyavamia. Vaa kiheshima, dada zetu beba khanga mbili. Usikae juu ya kaburi kwa ajili ya picha, usipande ukuta, usichukue hata kipande cha kigae. Kuna watu wanakwenda huko kwa dua zao, ukiwakuta salimia upite mbali. Bia ziache botini. Takataka zote unarudi nazo, hata maganda ya machungwa, nyani hakuna wa kuyala.

Hatua ya 8: kurudi

Kwenye saa tisa tisa na nusu ng'oa nanga. Upepo wa baharini wa mchana utakuwa usoni, utapiga bishi (kwenda kwa zigizaga dhidi ya upepo) kwenda Raskazone, ila maji yanayotoka yanakusukuma yanakusaidia sana, na jua liko mgongoni tena. Ndio maana nasema Toten ni ya kujifunzia, jua liko nyuma kwenda na kurudi. Tanga likizidi nguvu lipunguze mapema, ukijiuliza "nipunguze?" muda wake umeshafika.

Kwa anaetaka Ulenge

Ulenge iko kaskazini mashariki, karibu na mdomo wa ghuba, ina mnara wa taa wa tangu enzi ya Mjerumani. Hii ni habari nyingine kidogo. Kwenda asubuhi jua liko usoni, kwaiyo usitoke mapema, ngoja kwenye saa nne jua lipande. Kurudi jioni jua usoni tena, kwaiyo rudi kwa njia ileile uliyokwendea, usijaribu njia ya mkato. Na pale mdomoni, maji yakiwa yanatoka kwa nguvu na upepo wa baharini unaingia, vinagongana, mawimbi yanasimama wima mafupi mafupi, boti ndogo inalowa mpaka mlingotini. Kwaiyo vuka maji yakiwa yamesimama au yanaingia. Nje zaidi kuna mafungu kama Niule na Fungu Nyama, kule usiende bila mtu wa hapa botini.

Kisiwa cha Yambe kipo nje ya Raskazone upande wa kusini, na wavuvi wanakaa dago (kambi ya uvuvi) huko, kwa kusi hapana kinga ya maana upande wa nje. Maziwe ya Pangani ni safari ya siku yake, kile kisiwa zamani kilikuwa na mivinje, sasa hivi ni mchanga mtupu na kwenye bamvua kubwa maji yakijaa kinafunikwa, kwaiyo huko hesabu unaigeuza, unakwenda kufikia maji yakiwa yamekupwa, na kwa tarehe za bamvua hiyo ni saa nne mpaka saa tano asubuhi.

Ukifika Raskazone, mpigie yule mtu uliyemwachia taarifa umwambie mmefika wote.